Vipande Vinne Vilivyobaki

Mmeniuliza video iko wapi, na kwa wiki tatu nimekuwa nikiwajibu kwamba simu ilianguka. Kweli simu ilianguka. Lakini video ipo, na sitaituma. Wengine mmenifuata mpaka kibandani kwangu Mbagala mkijifanya mna friji bovu, kumbe mnataka kunidodosa. Basi naandika mara moja, msome wote, tusirudie.

Nusu yenu mnacheza michemraba ya rangi kama mimi. Nusu nyingine mnaijua kwa kunisikia nikijisifu, kwa hiyo nianze na hao. Mchemraba wangu ni ule mkubwa, vipande vitano kwa vitano kila upande. Watu wanauvuruga, nautazama, nafunga macho kwa kitambaa, naupanga bila kuona. Si uchawi. Kila nafasi ya kipande nimeipa silabi yake, na silabi mbili zikifuatana nazifanya neno: ki na nu, kinu, pa na ka, paka. Yanakuja maneno arobaini na kitu. Nayaweka ndani ya nyumba ninayoijua vizuri, mawili hapa, mawili pale, kisha macho yakifungwa natembea humo kichwani nikiyaokota.

Nyumba yangu ya kuwekea ni ya Mama mkubwa, kule Chilangala, Newala. Naanzia kwenye tangi la maji ya mvua, napita kinu, naingia mlangoni, kigoda kilichoegemea ukuta, mtungi, na kuendelea mpaka jikoni. Nimeipita nyumba ile kichwani kila siku ya Mungu. Kwa miguu yangu nilikuwa sijaikanyaga miaka sita.

Na kuna kanuni moja ambayo wengi wenu nimewafundisha kwa ukali. Ili kipande kifike mahali pake bila kuharibu vingine, mara nyingi lazima kwanza usogeze safu fulani ipishe njia. Ukishamaliza, safu ile unairudisha ulikoitoa. Ukisahau, kila utakachofanya baada ya hapo ni kuharibu tu, na hutajua mpaka ufungue macho.

Mbagala hadi Masasi

Aliyeniita ni Mama mkubwa mwenyewe. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu, mdogo wake, afariki. Presha ya macho ilimpofusha kabisa mwaka juzi; mimi niliambiwa kwa simu, nikasema "pole sana, mama," nikarudi kwenye mafriji yangu. Safari hii alipiga asubuhi.

"Issa, kaka yako Bakari anataka kunihamishia kwake Masasi. Anasema siwezi kukaa peke yangu. Mjomba wenu ameitisha kikao Jumamosi. Wewe si unafanya mambo yako macho yamefungwa? Njoo. Wakuone wewe, kisha wanione mimi, halafu useme neno."

Nikamwambia nakuja. Na hapa nikiri la kwanza: nilipokata simu, wazo lililonijia si kikao. Niliwaza video. Mchemraba mkubwa, macho yamefungwa, kijijini kwetu, ndani ya nyumba ile ile ninayoitumia kichwani. Niliwatangazia kabla hata sijafunga begi, mnakumbuka.

Basi liliondoka alfajiri, na kabla ya Somanga lilikuwa limeshasimama mara mbili kwa tairi. Wakati wa tairi la pili nilikaa juu ya jiwe, nikajifunga kitambaa, nikafanya mazoezi. Nilipofungua nikakuta abiria wamenizunguka. Mama mmoja wa makamo, anayekwenda Lindi, akachutama karibu yangu.

"Mwanangu, kumbe unaona vilivyofichika."

"Hapana mama, ni kukariri tu."

"Usinifiche. Nina kijana wangu yuko Msumbiji, mwezi wa nne huu hajapiga simu. Nitazamie."

Nikacheka. Watu walikuwa wamenitolea macho, na mimi nikitazamwa kichwa huvimba. Nikazungusha mchemraba mara mbili tatu, nikamwambia, "Atapiga kabla ya Ijumaa." Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Safari nzima hadi Lindi alinilisha mayai ya kuchemsha na mhogo wa kukaanga, nami nilikula. Aliposhuka alinitakia baraka.

Masasi tuliingia jioni. Kaka Bakari alinipokea stendi na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, ndani ya mfuko, akijua ndicho chakula ninachokikosa Dar. Ni mtu mpole, fundi seremala, anaongea kidogo. Alinionyesha chumba alichokuwa akikiandaa kwa ajili ya mama yake: kitanda kipya, dirisha upande wa upepo.

"Sifanyi kwa ubaya," alisema. "Siku akianguka kule peke yake, nitamwambia nini Mungu?"

Nilimwonyesha mchemraba.

Masasi hadi Newala, kwa kupitia Lulindi

Gari la asubuhi lilikuwa Noah, na Noah haiondoki mpaka ijae. Ilijaa saa nne. Halafu dereva akatuambia anapitia Lulindi kwanza, ana mabati ya kanisa juu ya keria. Hakuna aliyebisha, kwa sababu mwenye mabati, katekista mmoja mnene mwenye kicheko, alikuwa ameketi mbele.

Lulindi mabati yakashushwa, na gari likagoma kuwaka. Tulikaa saa mbili na nusu. Katekista, kwa kuona ndiye aliyetuponza, akatuletea ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho, sinia moja kubwa, tukanawa wote, Waislamu na Wakristo, tukala. Akaniuliza mchemraba ule ni wa kazi gani.

"Hauna kazi. Ni kuonyesha kwamba akili inaweza kuona bila macho."

"Kumwonyesha nani?"

Nikamweleza habari za Mama mkubwa na kikao. Akafurahi kwelikweli. Akaniambia nafanya jambo jema, vijana wengi wa mjini hawarudi, na akawaambia abiria wengine, wakanipongeza. Nilizipokea pongezi zile zote kabla sijafanya lolote.

Gari lilipowaka tukapanda mlima. Mnaojua barabara ile mnajua: joto linabaki chini, na juu uwandani unakutana na upepo wa Newala, na harufu ya mabibo yaliyoiva yakianguka chini ya mikorosho.

Newala hadi Chilangala

Bodaboda alinishusha uani jioni hiyo. Mama mkubwa alikuwa nje, akipepeta. Nilisimama kimya nimtazame kidogo, na hilo nalo ni kosa, kwa sababu aliacha kupepeta akageuza sikio.

"Nani huyo asiyesema?"

"Shikamoo mama. Ni Issa."

"Marahaba! Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akaja moja kwa moja, hatua saba, akanishika uso.

Jirani yake, Mama Zuhura, alikuwapo akianika korosho. Ndiye anayemwangalia kila siku. Kabla sijaingia ndani alinivuta kando.

"Baba, nikwambie utaratibu wa humu. Viatu, kushoto mwa mlango, siku zote kushoto. Na kwa Mama Bakari, ukigusa kitu, sema. Ukisogeza ndoo, sema kwa sauti, 'Ndoo nimeisogeza, iko mlangoni.' Ukirudisha, sema tena. Aliyegusa ndiye anayesema. Mtoto mdogo wa hapa anajua."

"Nimekuelewa, mama."

Na nilielewa. Ni kanuni yangu mwenyewe ile, nikaona hata fahari kwamba wamefikia wanachokijua wacheza michemraba. Ijumaa nzima nilimtazama Mama mkubwa akifanya kazi. Anachota maji tangini bila kumwaga. Anawasha moto, anajua chungu kimechemka kwa mlio. Akinyoosha mkono kuchukua chumvi, mkono unafika kwenye chumvi. Ananiita, "Issa, sogea, umekaa kwenye njia yangu," na nikisogea anapita pale pale nilipokuwa. Mambo ninayoyafanya mimi kwa dakika chache na kupigiwa makofi, yeye anayafanya kutwa, na hakuna anayemhesabia.

"Nangu, mimi hapa, nyumba hii naiona kwa miguu," aliniambia. "Masasi nitakuwa mgeni wa kuongozwa chooni. Mwambie mjomba wako hivyo."

Nikaapa nitamwambia. Ijumaa hiyo, kuelekea magharibi, nilimkumbuka yule mama wa Lindi, nikajisikia vibaya, kisha nikajishughulisha na simu.

Jumamosi, ukumbini

Asubuhi Mama Zuhura alikwenda shambani kuokota korosho. Mama mkubwa akaingia kuoga. Mimi nikaanza kupanga mahali pa kurekodia. Mwanga mzuri ulikuwa kwenye kizingiti cha kati ya jiko na ukumbi. Nilihitaji kitu cha kuegemeza simu. Nikachukua kigoda ukutani, nikakiweka pale kizingitini, nikajaribu, picha ikatoka safi.

Sikusema. Mama alikuwa anaoga, nikawaza nitamwambia akitoka. Alipotoka nikawa nauvuruga mchemraba.

Mjomba alifika na wazee wawili wa ukoo, na Kaka Bakari akafika na pikipiki kutoka Masasi. Mjomba ndiye mwenye neno kwetu, kaka wa akina mama. Ni mtu mkavu, hapendi maneno mengi. Alikuta kigoda na simu vimeshakaa mahali pale. Hakuwa akija nyumba ile mara nyingi, wala wale wazee, wangejuaje? Naye Bakari aliketi mgongo wake ukielekea jikoni.

Mama mkubwa akasema kutoka uani, "Ongeeni, nawaletea chai kwa mkono wangu mwenyewe." Akaenda jikoni kwa mlango wa nyuma, kama afanyavyo akitoka uani. Bakari alitaka kuinuka amsaidie, mjomba akamzuia. "Mwache. Ndicho tulichokuja kukiona."

Mimi nikaona muda umefika. Nikawaeleza mchemraba, wakaugeuzageuza, nikautazama mpaka maneno yote yakakaa mahali pake, nikabonyeza simu irekodi, nikafunga kitambaa.

Ilikuwa inakwenda vizuri mno. Nitawaambia ukweli, sijawahi kucheza hivyo. Tangini niliokota maneno yangu, kwenye kinu mengine, mlangoni mengine, kwenye kigoda pale ukutani, kichwani mwangu kikiwa bado ukutani, niliokota mawili. Nilifika jikoni. Yalibaki maneno mawili, *paka* na *kamba*. Silabi nne, vipande vinne.

Hapo nikasikia kigoda kikipinduka, sufuria likigonga sakafu, na Mama akilia, "Mama yangu, mguu wangu!"

Nikaendelea kuzungusha.

Nimejaribu kuliandika hilo kwa namna nyingine, sijapata. Nilisikia. Nilijua ni nani na nilijua ni nini. Lakini ukifungua kitambaa imekwisha, na vilikuwa vimebaki vinne. Mikono ikaenda. *Paka*. Watu wakawa wanakimbia, mtu ananipita akinigonga bega. *Kamba*. Nikauweka mchemraba chini, nikavuta kitambaa, nikainua mikono juu.

Rangi zote zilikuwa zimekaa. Hapakuwa na mtu anayenitazama. Bakari alikuwa amembeba mama yake, chai inachuruzika kwenye kanga, na mguu wa kushoto umeshaanza kubadilika rangi.

Tulimwagia maji ya tangi, mengi, kwa muda mrefu. Mganga wa zahanati akaja akamfunga, akasema mguu utapona lakini asiukanyagie sana. Mama hakulia tena. Mjomba alisubiri mpaka yote yatulie, kisha akasema akikionyesha kigoda kilicholala chali.

"Mtu asiyeweza kukwepa kigoda chake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ataishije peke yake? Korosho zikishauzwa, ahamie Masasi. Kuna mwenye neno?"

Nilikuwa na neno. Nilikuwa nimeitwa kutoka Dar kwa ajili ya neno hilo. Mama mkubwa aligeuza uso upande wangu, akangoja. Nikaangalia chini. Mjomba akafunga kikao.

Mama Zuhura aliporudi na kusikia, alikitazama kigoda, akanitazama mimi, akakiokota akakirudisha ukutani. "Kigoda nimekirudisha, Mama Bakari," akasema kwa sauti. "Kiko ukutani."

"Ahsante, Mama Zuhura," akajibu. Mimi sikuambiwa kitu na yeyote.

Kushuka Masasi

Jumapili nilishuka na Bakari kwenye pikipiki. Kwake alishinda akikamilisha mlango wa chumba kile, anautengeneza mpana ili mama asigonge mabega. Mimi nikajifungia na simu, kwa sababu mlikuwa mnanitumia ujumbe: video, video.

Inaanza na mkono wangu. Nilikuwa nimeshawasha majaribio tangu asubuhi, simu ikiwa mkono wa pili, kwa hiyo inaonekana wazi ninavyokitoa kigoda ukutani na kukiweka njiani. Kisha kipande cha pili, mimi na kitambaa. Kisha unasikia miguu yake ikija kutoka jikoni, nyuma ya simu, kwa uhakika wa mtu anayejua njia yake, na picha inapinduka. Simu iliangukia uso. Kuanzia hapo ni giza tupu, sauti tu. Analia. Watu wanaita. Na katikati ya hayo, taratibu, bila kukosea mdundo, mchemraba wangu: kra, kra, kra.

Nilikaa kwenye kitanda alichoandaliwa Mama mkubwa, kile kipya, mpaka adhana ya alasiri. Kisha nikatoka nikamwendea Bakari, nikamwambia kigoda nilikihamisha mimi na sikusema. La kuendelea kuzungusha sikumwambia.

Alishusha randa.

"Na jana ulikaa kimya."

"Ndiyo, kaka."

"Mjomba akamdhihaki, ukakaa kimya."

"Ndiyo."

Alichukua simu akampigia mama yake, akaweka sauti ya wazi. Nikaanza kueleza. Mama mkubwa alinikatiza. "Mambo yaliyosemwa ukumbini hayarekebishwi kwenye simu. Panda uje."

Kupanda tena

Jumatatu nilipanda na gari lile lile, safari hii halikuharibika. Ningefurahi lingeharibika.

Mjomba aliitwa, na wazee wale wawili, na Mama Zuhura akakaa mlangoni. Nikasimama nikasema: kigoda kilikuwa ukutani, mimi nilikitoa asubuhi, nikakiweka kizingitini, sikusema, na Jumamosi nilipoulizwa nikanyamaza.

Mjomba aliniuliza jambo moja tu. "Wewe ndiye uliyekuja kutuonyesha jinsi ya kufanya kazi bila macho?"

"Ndiyo mjomba. Shikamoo."

Hakuitikia. Akamgeukia dada yake, akamwambia suala la Masasi limefutwa, asiulizwe tena, na kwamba yeye mjomba naye amekosa kwa maneno yale. Mama mkubwa akamwambia yamekwisha. Wazee wakanywa chai, aliyoileta Mama Zuhura, wakaondoka.

Tulibaki wawili. Mguu wake ulikuwa juu ya mto, umefungwa kitambaa cheupe.

"Hilo la kigoda nililijua nilipokigusa," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

"Nisamehe mama."

"Nimekusamehe. Lakini kuna jingine, na hilo hukulisema mbele yao." Alipapasa mkekani mpaka akaupata mkono wangu. "Nilipokuwa nimelala pale chini, nilisikia kitu chako bado kinalia."

Hakuuachia mkono wangu.

"Vilikuwa vimebaki vingapi?"

"Vinne, mama."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima kitu kiganjani.

"Haya," alisema. "Bodaboda wako yuko nje. Viatu vyako viko wapi?"

"Kushoto mwa mlango."

"Twende nikusindikize."

Nikamwambia asikanyage, mganga alikataza. Alikuwa ameshasimama. Alinitangulia na mguu wake uliofungwa, akapita kigoda bila kukigusa, akapita kinu, akapita tangi, akichechemea, akihesabu hatua kwa sauti ya chini, mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nyuma yake na macho yangu mawili, nikiufuata mguu ule.